Je, Wajua? Boliti Moja, Tani 20

Je, wajua kwamba boliti ikikazwa inarefuka? Chukua ile ya unene wa milimita 20, iliyojaa kwenye chasisi za malori yanayopanga foleni mpakani Mpondwe. Ikikazwa inavyotakiwa, kila sentimita 10 za urefu wake huongezeka karibu milimita 0.2. Jicho halioni kitu, lakini nguvu yote ya boliti imejificha humo!

Tazama bodaboda inayoteremka vilima vya Bwera na gunia la kahawa. Linaloshika gunia ni lile pande la mpira wa tairi lililovutwa kabla ya kufungwa. Lifunge bila kulivuta, gunia liko chini kabla ya kona ya kwanza. Boliti nayo hushika kwa sababu imevutwa, ila mpira wake ni chuma.

Na inavumilia kiasi gani? Kaa vizuri kwenye benchi. Boliti hiyohiyo moja ya milimita 20, daraja la 8.8, haikatiki mpaka uivute kwa karibu tani 20!

Hiyo 8.8 je, umewahi kuisoma? Nambari ya kwanza izidishe kwa 100, unapata megapaskali 800, mkazo wa kuikata. Ya pili inakuambia kwamba ukifika asilimia 80 ya mkazo huo, chuma kinarefuka na hakirudi tena. Kwa hiyo 10.9 ni 1,000 na asilimia 90, na 12.9 unaweza kuipiga mwenyewe sasa hivi. Ukinunua boliti ya kazi nzito pale Kasese mjini, igeuze usome kichwa chake kwanza.

Je, wajua kwamba jasho la fundi karibu lote linaliwa na msuguano? Kati ya nguvu 100 anazotia kwenye spana, kama 50 zinaishia chini ya nati na kama 40 ndani ya uzi. Zinazobaki kuivuta boliti ni 10 tu!

Basi sikia hili. Paka uzi ule grisi, kaza kwa spana ileile na nguvu ileile, na boliti itavutwa kupita kiasi, pengine hadi ikatike mkononi mwako. Ndiyo sababu mhandisi wa visima vya mafuta hutaja kwanza aina ya grisi, halafu ndipo anatoa kipimo cha kukaza.

Nati ina nyuzi nyingi, lakini unadhani zote zinagawana mzigo sawasawa? Hata kidogo. Uzi wa kwanza, ule ulio karibu na kitu kilichobanwa, hubeba karibu theluthi ya mzigo wote peke yake. Ukifika uzi wa sita, umebaki mzigo mdogo mno. Hata uongeze nati iwe ndefu kama kidole, ule wa kwanza bado ndio unaoumia.

Na hii imewafurahisha wahandisi kwa miaka mingi: nati nzuri hutengenezwa makusudi iwe na nguvu kuliko boliti yake. Wanataka boliti ndiyo ikatike, kwa sababu boliti iliyokatika fundi huiona papo hapo. Uzi uliokwanguka ndani ya nati hujificha hadi siku ya balaa.

Sasa twende kwenye mafuta, maana huko ndiko boliti zinakoteswa kweli. Je, wajua kwamba kisima cha kwanza cha kutafuta mafuta Uganda kilichimbwa mwaka 1938, pale Waki karibu na Butiaba? Ilibidi kusubiri hadi 2006 ndipo mafuta ya kibiashara yathibitishwe kandokando ya Ziwa Albert. Miaka 68!

Na wajua kwamba kule Kingfisher, wilayani Kikuube, wanachimba chini ya ziwa bila kuweka jukwaa hata moja juu ya maji? Mtambo umesimama nchi kavu ufukweni, na visima vinapinda huko chini na kuingia chini ya ziwa. Uchimbaji wa uzalishaji ulianza Januari 2023, na mpango ni visima 31.

Wewe wa Bwera, usiseme huko ni mbali. Tone la mvua likianguka kwako leo, linaingia mto Lhubiriha, linafika Ziwa Edward, linatokea mto Semliki, linazunguka Rwenzori kwa upande wa Kongo na kumiminika Ziwa Albert, mbele ya visima hivyohivyo. Kisha linashika Nile na kwenda zake hadi Bahari ya Mediterania. Maji yenu yanapita palepale boliti zinapofanya kazi!

Zinafanya kazi gani? Juu ya mdomo wa kisima cha baharini huwekwa mnara wa vali nzito zinazoweza kukifunga kisima kikitaka kulipuka. Vipande vyake vimeunganishwa kwa flanji, yaani sahani nene za chuma zilizobanwa kwa mduara wa boliti. Mitambo mikubwa ya aina hii ina tundu la kati la upana wa milimita 476 na hujengwa kuhimili shinikizo la takriban mara 1,000 ya lile la hewa tunayovuta. Piga hesabu: shinikizo hilo likijaa ndani, linazisukuma sahani ziachane kwa zaidi ya tani 1,800. Kinachozizuia ni boliti.

Hapa kuna ajabu ninayoipenda kuliko zote. Boliti iliyokazwa barabara haiuhisi mzigo wote unaokuja! Shinikizo likipanda, sehemu kubwa yake huishia kulegeza ule mbano wa sahani, na boliti yenyewe huongezewa kidogo tu, mara nyingi chini ya robo. Iliyolegea ndiyo inayopigwa na kila mzigo mzima mzima, na ndiyo inayokatika mapema. Kwa hiyo fundi anayeogopa kukaza ili "asiiumize" boliti, huyo ndiye anayeiua.

Umewahi kukaza nati za gurudumu kwa kuruka moja, upande huu kisha upande ule? Kwenye flanji sheria ni hiyohiyo, na sababu yake inashangaza: ukikaza boliti moja, jirani yake uliyekwisha kumkaza hulegea! Ndiyo maana huzunguka mara kadhaa, kwanza kwa nguvu kidogo, kisha zaidi, mwisho kwa kipimo kamili, na bado wanamalizia kwa mzunguko mmoja wa kuhakikisha.

Je, wajua kwamba flanji moja isiyokazwa ilichangia maafa makubwa kuliko yote ya majukwaa ya mafuta baharini? Ilikuwa Piper Alpha, Bahari ya Kaskazini, tarehe 6 Julai 1988. Vali ya usalama ya pampu moja ilikuwa imeondolewa kwa matengenezo, na mahali pake pakawekwa flanji ya kuziba. Usiku pampu ya pili ikagoma. Watu wa zamu, wasiojua kwamba vali haipo, wakaiwasha ile ya kwanza. Uchunguzi uliona kwamba flanji ile haikukazwa hadi kuzuia gesi. Inaelekea ilizungushwa kwa vidole tu. Gesi ikavuja, ikashika moto, na watu 167 wakafa.

Watu 167, ndugu msomaji. Na spana ilikuwepo.

Miaka minane kabla yake, tarehe 27 Machi 1980, bahari hiyohiyo ililipindua jukwaa la Alexander L. Kielland. Kati ya watu 212 waliokuwemo, 123 walikufa. Ufa ulianzia wapi? Kwenye mshono wa kuchomelea wa milimita 6, wa kishikilia kidogo cha kifaa cha kusikilizia majini. Mkazo hukusanyika penye kovu dogo kama hilo, na mawimbi hulifungua siku baada ya siku.

Mawimbi mangapi? Wimbi likija kila sekunde 10, jukwaa hupigwa zaidi ya mara milioni 3 kwa mwaka. Mjerumani August Wöhler aliuona uchovu huu wa chuma katikati ya karne ya 19, akichunguza ekseli za magari ya reli: mzigo mdogo usioweza kuvunja chuma kwa pigo moja hukivunja ukirudiwa vya kutosha.

Na pwani yetu ya Afrika Mashariki je? Mwaka 2012 kisima cha Zafarani, kusini mwa Tanzania, kiligundua gesi mahali ambapo maji yana kina cha zaidi ya mita 2,500. Huko chini, kila sentimita moja ya mraba inabanwa na maji kwa zaidi ya kilo 250. Fundi hafiki; kazi hufanywa na roboti, na boliti lazima iwe sawa tangu inashushwa.

Haya, fikiri: boliti yenye nguvu zaidi ndiyo bora, sivyo? Sivyo! Chuma kikifanywa kigumu mno, chembe za haidrojeni, kitu chepesi kuliko vyote duniani, hupenya ndani yake na kukifanya kikatike ghafla bila kuonya. Machi 2013, kwenye daraja jipya la ghuba pale San Francisco, fito 96 za chuma zilikazwa. Siku chache baadaye 32 zilikuwa zimekatika. Unene wake? Kama milimita 76!

Baharini ilikwisha kutokea. Desemba 2012, kwenye Ghuba ya Meksiko, boliti za kiunganishi cha mtambo wa kuchimba zilikatika na sehemu mbili za mtambo zikaachana chini ya maji. Chanzo kikawa haidrojeni ileile, iliyoachwa na upakaji wa zinki: boliti hazikuokwa baadaye ili kuitoa. Zaidi ya boliti 10,000 za aina hiyo zikabadilishwa duniani.

Lakini mbona tunakwenda San Francisco, na Katwe ipo hapa? Je, wajua kwamba wilaya ya Kasese ina gofu la kiwanda kilicholiwa na chumvi? Kando ya Ziwa Katwe, ambako watu wamevuna chumvi kwa mikono kwa karne nyingi, kilijengwa kiwanda cha kisasa kwa mkopo wa Ujerumani, kazi iliyoanza miaka ya 1970. Maji ya ziwa lile si chumvi ya mezani tu. Yana salfeti na kaboneti pia. Yalipopashwa moto ndani ya mabomba ya chuma, mabomba yakatoboka, na kiwanda kikafa muda mfupi baada ya kuanza. Wavunaji wa mikono wako hadi leo, wanavuna. Binafsi naona kila mwanafunzi wa uhandisi Uganda angepelekwa Katwe mwaka wake wa kwanza, akae mbele ya gofu lile nusu saa.

Na chuma kisichoshika kutu, kile cha masufuria mazuri? Hicho nacho kina adui. Kiweke penye chumvi, kivute kwa nguvu, kipashe moto kupita nyuzi 60 hivi, na kinaweza kupasuka nyufa zenye matawi. Vitu vitatu pamoja: mvuto, chumvi na joto. Boliti ya baharini huwa na viwili vya kwanza tangu siku inazaliwa.

Dawa ipo, na mojawapo ina jina mnalolijua vizuri Kasese: kobalti! Ipo aloi iitwayo MP35N, yenye kobalti asilimia 35, nikeli 35, kromiamu 20 na molibdeni 10. Boliti zake hufikia zaidi ya mara mbili ya nguvu ya ile 8.8 yetu, na maji ya bahari karibu hayaziwezi.

Kobalti ya Kasese ilitoka wapi? Mgodi wa Kilembe ulichimba shaba tangu 1956, na mabaki yake ya pirati (madini ya chuma na salfa), zaidi ya tani milioni 1, yakalundikwa karibu na mji. Kuanzia 1999 hadi 2013 kiwanda pale Kasese kilitoa kobalti kwenye mabaki hayo kwa kutumia bakteria. Ndiyo, vijidudu! Vilikula pirati na kuiacha kobalti huru ndani ya maji. Shaba nayo haikosi kazi kwenye boliti: unga wake huchanganywa kwenye grisi ya kuzuia nati isigande kwa joto na kutu.

Shaba ile ya Kilembe ilisafirishwa kwa reli iliyofika Kasese mwaka 1956, kilomita 333 kutoka Kampala. Reli za namna hii huunganishwa kwa mabamba na boliti, na je, wajua kwamba matundu yake hutobolewa makubwa kuliko boliti makusudi? Kipande cha reli cha mita 12 kikitoka kwenye ubaridi wa alfajiri hadi jua kali la mchana, joto likipanda nyuzi 30, kinarefuka zaidi ya milimita 4. Bila nafasi ile, reli ingejipinda.

Lakini tundu ni kovu, na mkazo hupenda makovu. Tarehe 5 Novemba 1967, pale Hither Green, London, reli ilipasuka kuanzia tundu la kwanza la boliti na treni ikaacha njia. Watu 49 walikufa. Kati ya walionusurika alikuwemo Robin Gibb, mwimbaji wa Bee Gees!

Unaujua urefu wa Margherita, kilele cha Rwenzori yetu? Mita 5,109. Sasa nikupe kisa kilichotokea juu kidogo ya kimo hicho. Tarehe 10 Juni 1990 ndege ya abiria ilikuwa inapanda kutoka Birmingham kwenda Málaga, ikafika kama mita 5,270. Ghafla kioo cha mbele cha rubani kikang'oka, na hewa ikamvuta kapteni Tim Lancaster nje hadi kiunoni! Wenzake wakamshika miguu kwa zaidi ya dakika 20, hadi rubani msaidizi akatua Southampton. Alipona, na baada ya miezi michache akarudi kurusha ndege.

Kosa lilikuwa nini? Kioo kilikuwa na boliti 90, zilizofungwa saa 27 hivi kabla ya safari. Kati yake 84 zilikuwa nyembamba kwa milimita 0.66, na 6 zilizobaki zilikuwa fupi kwa milimita 2.5. Fundi alizilinganisha na za zamani kwa macho. Nambari iliyoandikwa kitabuni hakuitazama. Milimita 0.66!

Tukae na mtikisiko kidogo. Mwaka 1969 mhandisi Mjerumani, Gerhard Junker, alionyesha kwamba kinachofungua nati hasa ni kusukumwa kwa pembeni, huku na huku. Kwenye mashine yake, nati iliyokazwa vizuri hujifungua yenyewe kwa sekunde chache bila mkono wa mtu!

Basi washa ya springi, ile iliyokatwa na kupinda, itasaidia? Gereji nyingi zinaiamini. Mwongozo wa NASA wa mwaka 1990 kuhusu boliti unasema kwa kufunga nati haifai kitu, maana ikishabanwa inakuwa bapa kama washa ya kawaida. Linalozuia nati isifunguke ni mvuto wa kutosha ndani ya boliti, au nati ya kujifunga, au gundi ya uzi.

Na wajua kwa nini pedeli ya kushoto ya baiskeli yako hufungwa kinyume? Uzi wake umekatwa kuelekea kushoto ili kukanyaga kwako kusiifungue njiani. Mtungi wa gesi ya kupikia wa aina nyingi una uzi wa kushoto pia, ili usije ukafungiwa kifaa kisicho chake.

Mkazo ulio ndani ya chuma unapimwaje, na ndani hakuonekani? Mwaka 1938 Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kwa njia yake, walibuni kipimo cha waya mwembamba unaogandishwa juu ya chuma, ambao hubadilisha ukinzani wa umeme chuma kikivutika. Hadi leo vipimo vya namna hiyo hubandikwa kwenye boliti za mitambo ya baharini, na boliti yenyewe inatoa habari zake.

Njia nyingine ni sauti. Mawimbi ya sauti hupigwa kwenye kichwa cha boliti, yanakwenda hadi ncha na kurudi. Iliyovutwa huyachelewesha kidogo mno, na mashine inasoma mvuto. Sauti ndani ya chuma hukimbia kama mita 5,900 kwa sekunde. Kama reli ingetoka Kasese mjini hadi Mpondwe bila kukatika, mlio wa nyundo ungefika mpakani kwa sekunde 10 hivi!

Na kompyuta? Huigawa flanji moja katika vipande vidogo maelfu kwa maelfu na kupiga hesabu ya kila kimoja, kisha huipaka rangi: samawati penye utulivu, nyekundu penye mateso. Ukiona picha hiyo utakuta wekundu umejaa palepale, kwenye ule uzi wa kwanza wa nati. Kijana wa Kasese anayetaka kazi za mafuta anaweza kuzisomea hapahapa Uganda. Chuo cha petroli cha Kigumba, kilichoanzishwa 2009, kinafundisha mafundi.

Ngoja, umewahi kuviona vishale vya plastiki vya manjano kwenye nati za magurudumu ya malori na mabasi? Si urembo. Siku nati inakazwa, vishale vinaelekezana viwiliwili. Kimoja kikigeuka peke yake, nati yake imezunguka. Vitazame kabla hujapanda.

Na kama gari ni lako, shika hili. Gurudumu likitolewa na kurudishwa, nati zake hutakiwa kukazwa tena baada ya kilomita 50 hadi 100, kwa sababu rangi, vumbi na kutu vilivyobanwa katikati hujilaza na mvuto wa boliti hupungua. Kutoka Kasese mjini hadi Bwera ni kama kilomita 50 na kitu. Ukibadilisha gurudumu Kasese, ukifika Bwera simama, toa spana, zikaze tena zote, moja moja, upande huu na upande ule.